Uchambuzi: Mbwa aliyeokolewa ahitaji mlezi wa kudumu, si huruma ya siku moja

KILA mwisho wa mwezi, malori ya kubeba mizigo huonekana yakiingia na kutoka katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru huku familia zikihama kutoka nyumba moja hadi nyingine. Viti, vitanda na mitungi ya gesi hupakiwa kwa uangalifu. Lakini mara nyingine, kiumbe mmoja husalia langoni akilitazama lori likitokomea. Huyo ni mbwa aliyelinda boma hilo kwa miaka kadhaa.

Kwa wiki moja au mbili, mbwa huyo hulizunguka lango lile lile akiwasubiri watu wasiorudi. Majirani humrushia ukoko wa ugali. Baadaye njaa humsukuma hadi kwenye majaa ya taka na nyuma ya bucha, na kabla ya muda mrefu huanza kuitwa mbwa koko, kana kwamba hakuwahi kuwa na mwenyewe.

Akiwa na bahati, msamaria mwema atamwona na kuwaita watetezi wa wanyama. Atachukuliwa, atatibiwa majeraha na kulishwa. Hata hivyo, hapo ndipo swali gumu zaidi huanza: baada ya kuokolewa, mbwa huyo ataishi wapi, na nani?

Swali hilo limeachiwa watu wachache wenye moyo wa huruma kwa muda mrefu, ilhali linaihusu afya ya umma moja kwa moja. Mnamo 2014, Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyosababishwa na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Huku mwaka huo ukikaribia, hatima ya mbwa wasio na makao haiwezi tena kuchukuliwa kuwa shughuli ya wenye nafasi.

Wenyewe wapo

Dhana iliyoenea ni kwamba mbwa wanaorandaranda mitaani na vijijini hawana wenyewe. Ukweli ni tofauti. Utafiti uliofanywa katika eneo la Machakos katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mbwa wengi walikuwa na maboma yao, ila walikuwa wakiachiliwa kuzurura wapendavyo. Ulibainisha pia kwamba wengi hufa wakiwa bado wachanga, na nafasi zao kuchukuliwa upesi na vijibwa wapya.

Maana yake ni kwamba mbwa anayefikishwa katika makao ya wanyama ni kiumbe ambaye, mara nyingi, nyumba yake ya kwanza ilimwangusha. Njia zinazomfikisha hapo ni nyingi, ingawa zinafanana.

Wapo wanaoachwa familia inapohamia jumba la ghorofa ambako mwenye nyumba hakubali wanyama. Wapo wanaoachwa na wageni waliokuja nchini kwa kandarasi ya miaka miwili au mitatu, na ambao muda wao ukiisha hushindwa kugharamia safari ya mbwa kwa ndege.

Wengine huzaliwa kwa sababu jike hakufungwa kizazi. Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mwenye boma aliyehitaji mlinzi mmoja hujikuta na vijibwa saba. Wawili hupewa majirani, na waliosalia hutiwa katika gunia na kutupwa kando ya barabara usiku.

Sheria haikunyamazia vitendo hivyo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, hutambua kuwa kumtelekeza mnyama bila sababu ya maana katika hali inayoweza kumtesa ni kosa. Hata hivyo, ni nadra kusikia mtu amefikishwa mahakamani kwa kumwacha mbwa langoni.

Risasi na sumu

Tangu enzi za ukoloni, jibu lililozoeleka kwa tatizo la mbwa wanaozurura lilikuwa kuwaua. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mnamo 1912, katika mbwa aliyetoka viungani mwa Nairobi. Katika miongo iliyofuata, mabaraza ya miji yalitegemea risasi na nyama iliyotiwa sumu kila mara malalamiko ya wakazi yalipozidi.

Njia hiyo huwaridhisha walalamishi kwa siku chache, kwani mitaa huonekana tulivu. Lakini majaa ya taka yaliyowalisha mbwa waliouawa husalia pale pale, na baada ya miezi michache mbwa wengine hujitokeza.

Mataifa mengine yamejifunza hayo kwa gharama kubwa. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, maelfu ya mbwa waliuawa baada ya kichaa kuingia mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini maradhi hayakuisha. Wakazi waliwaficha mbwa wao, wengine wakawahamishia vijiji vya mbali, na waliopoteza wao wakatafuta vijibwa wapya ambao hawakuwa wamechanjwa.

Kisiwa cha Bali, nchini humo humo, kilianza vivyo hivyo maradhi yalipozuka mnamo 2008. Ni baada ya kampeni ya chanjo ya kisiwa kizima kuanza mnamo 2010 ambapo idadi ya visa ilishuka kwa kiasi kikubwa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) husisitiza kuchanjwa kwa angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo ili kukata mnyororo wa maambukizi. Mbwa aliyechanjwa ni sehemu ya ukuta unaomkinga mtoto wa jirani. Anapouawa na nafasi yake kuchukuliwa na kijibwa kisichochanjwa, tofali moja la ukuta huo hung'olewa.

Hapa ndipo suala la makao mapya linapoingia. Mbwa aliyeokolewa, akachanjwa, akafungwa kizazi na kupewa mlezi anayewajibika, huishi miaka mingi bila kuongeza idadi ya wanaozurura. Yule anayerudishwa mitaani, au anayetolewa kwa mtu wa kwanza aliyemwomba, huanzisha upya mzunguko ule ule.

Ndani ya makao

Shirika kongwe zaidi katika kazi hii nchini ni Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama (KSPCA), ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Katika makao yake jijini Nairobi, chama hicho hupokea mbwa na paka, huwachanja na kuwafunga kizazi, kisha huwatafutia walezi. Mbali nacho, kuna makundi madogo na watu binafsi wanaowahifadhi wanyama katika nyua zao.

Kazi yenyewe si ya kuokota na kulisha pekee. Mbwa anapofika hutengwa na wenzake ili ijulikane kama ana maradhi. Parvo, kwa mfano, huweza kufagia kizimba kizima cha vijibwa kwa siku chache. Hupewa dawa za minyoo, husafishwa kupe na viroboto, na majeraha yake hutibiwa.

Baada ya hapo hutazamwa tabia. Je, huogopa wanaume? Hunguruma akikaribiwa anapokula? Hustahimili watoto, paka na kuku? Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu utotoni anaweza kuhitaji wiki kadhaa kabla ya kukubali kuguswa.

Wakati huo wote anakula. Vizimba havitoshi, na kila anayekawia kupata mlezi huziba nafasi ya mwingine aliye langoni. Wahudumu wa makao ya wanyama kote duniani hulijua fumbo hilo chungu: pasipo na nafasi, uamuzi unaofuata ni ama kumkataa mnyama anayeletwa, ama kumlaza milele aliyekwishakaa muda mrefu. Kwa hivyo, kila nyumba njema inayopatikana huokoa mbwa wawili, yule anayeondoka na yule anayeingia mahali pake.

Vizingiti

Mbona basi walezi ni wachache? Sababu ya kwanza ni mtazamo. Katika nyumba nyingi, mbwa ni kifaa cha ulinzi. Hufungiwa katika kibanda chenye giza mchana kutwa na kufunguliwa usiku, kwa imani kwamba upweke utamfanya mkali. Anayetafuta mbwa wa aina hiyo hamwangalii mbwa mpole aliyeokolewa mara mbili.

Imani hiyo ina kasoro. Mbwa hulinda kile anachokijua na kukipenda. Aliyetengwa na watu huweza kumng'ata mtoto wa nyumba pamoja na mwizi, kwa kuwa hajafunzwa kuwatofautisha. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na msemo huo haukumsaza mbwa.

Sababu ya pili ni fahari. Wanaomudu kununua hupendelea mbwa wenye majina makubwa, kama vile German Shepherd, Rottweiler au Japanese Spitz. Vijibwa huuzwa hata kando ya barabara kuu, mara nyingine wakiwa wachanga mno kutenganishwa na mama yao, na bila cheti cha chanjo. Mbwa wa kienyeji, ambaye mwili wake umezoea hali ya hewa ya hapa, hudharauliwa kwa rangi na asili yake.

Tatu ni makazi. Majumba ya kupangisha yanazidi kujengwa, na mengi hayaruhusu mbwa. Hata pale wanaporuhusiwa, sakafu ya nne isiyo na ua si mahali pa mbwa mkubwa aliyezoea kukimbia.

Imani za kidini nazo zina nafasi yake. Kwa Waislamu wa mwambao, ambao wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa sababu hiyo, familia nyingi haziwezi kumweka mbwa ndani ya nyumba wanamoswalia, na uamuzi huo unastahili kuheshimiwa.

Hata hivyo, mafunzo hayo hayo huruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba, na humsifu mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Kutoishi na mbwa hakujawahi kuwa ruhusa ya kumtesa. Mkazi wa Mombasa au Malindi anaweza kuwa mlezi wa mbwa wa shambani, au kuchangia chanjo, bila kumvusha kizingiti cha nyumba yake.

Nyumba ifaayo

Kwa kuwa walezi ni wachache, kishawishi cha kumkabidhi mbwa yeyote kwa mtu yeyote ni kikubwa. Ni kosa linaloonekana kama wema. Mbwa anayerudishwa makaoni baada ya mwezi mmoja hurudi akiwa na hofu zaidi, na kumtafutia nyumba ya tatu huwa kazi ngumu kuliko ya pili.

Ndiyo maana makao makini huwauliza waombaji maswali ambayo wengine huyaona kuwa ya udaku. Nyumba ni ya nani, na kama ni ya kupanga, mwenyewe amekubali? Ua una ukuta au seng'enge? Nani atabaki nyumbani mchana? Familia ikisafiri mashambani Desemba, mbwa ataachiwa nani? Kuna mtoto mdogo? Wote nyumbani wamekubali, au ni mmoja tu aliyeamua?

Swali la mwisho huwa na uzito kuliko yote. Mbwa anayeletwa na baba bila mama kushauriwa, au na mtoto aliyelia hadi akakubaliwa, mara nyingi huishia mikononi mwa mfanyakazi wa nyumbani ambaye hakuulizwa neno na huenda anamwogopa.

Gharama nayo isifichwe. Mkono mtupu haulambwi. Mbwa mzima huhitaji chakula kila siku, kiwe ugali uliochanganywa na omena au matumbo, au unga unaouzwa kwa ajili ya mbwa. Huhitaji chanjo ya kichaa kulingana na ratiba ya daktari wa mifugo, dawa za minyoo kila baada ya miezi michache, na akiba ya siku atakapougua. Anayeona gharama hizo zinamlemea hana haja ya kuona haya. Kusema hapana mapema ni hisani kwa mbwa.

Kwa anayekubali, siku za mwanzo huhitaji subira. Walezi wazoefu hutumia kipimo cha tatu tatu: siku tatu za hofu, wiki tatu za kujifunza desturi za nyumba, na miezi mitatu kabla ya mbwa kujihisi yuko kwao. Si sheria kwa kila mbwa, lakini humkumbusha mlezi asikate tamaa siku ya nne kwa sababu mbwa amejificha chini ya meza na kukataa chakula.

Katika kipindi hicho, wageni wapunguzwe, lango lifungwe, na mbwa apewe kona yake asikosumbuliwa. Watoto wafunzwe kutomshika anapokula au kulala, na wasiachwe naye peke yao. Jina litumike lile lile kila siku, na chakula kitolewe saa ile ile. Kwa mbwa aliyeachwa langoni, kujua kwamba kesho itafanana na leo ndiyo tiba kubwa.

Wajibu wa kaunti

Jambo ambalo Wakenya wengi hawalifahamu ni kwamba kazi hii ina mwenyewe kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliorodhesha udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Lilitaja bayana utoaji wa leseni za mbwa, pamoja na vituo vya makao, matunzo na maziko ya wanyama.

Kwa hivyo, makao ya mbwa waliookolewa yamo katika orodha moja na barabara za kaunti, masoko na zahanati. Ila wawakilishi wa wadi wanapojadili bajeti, ni nadra kusikia fungu hilo likitetewa. Mzigo umebaki mabegani mwa mashirika ya kujitolea yanayotegemea michango.

Watakaopinga hawatakosa hoja. Katika nchi ambako hospitali hukosa dawa na wanafunzi hukosa madawati, ni nani atakayemtetea mbwa bungeni? Hoja hiyo ina uzito, na haiwezi kujibiwa kwa hisia za wapenda mbwa pekee.

Jibu lake limo katika hospitali zenyewe. WHO hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Makadirio ya maafisa nchini Kenya yamewahi kufikia vifo 2,000 kwa mwaka.

Dalili za maradhi hayo zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Anayeumwa hutakiwa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kwa msururu wa sindano. Gharama ya sindano hizo kwa mtu mmoja huzidi kwa mbali gharama ya kumchanja mbwa mmoja. Shilingi inayokwepwa kutumiwa kwa mbwa hudaiwa baadaye na mtoto, tena kwa riba.

Kaunti hazihitaji kujenga majumba ya fahari. Zinaweza kuanza kwa kutenga vizimba vichache katika ofisi za mifugo, kuingia mikataba na mashirika yaliyo na ujuzi, na kutumia ada za leseni kugharamia chanjo na kufunga kizazi. Leseni yenyewe, ikiambatana na alama inayomtambulisha mwenye mbwa, itafanya iwe vigumu kwa mtu kuhama na kumwacha mnyama wake langoni bila kuulizwa.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila Septemba 28, na kaunti kadhaa huitumia kutoa chanjo ya bure. Siku hiyo hiyo ingetosha kuwa pia siku ya kuwaonyesha umma mbwa walio tayari kuchukuliwa, mbele ya daktari wa mifugo anayeweza kujibu maswali ya familia.

Wenye majumba ya kupangisha nao wana la kufanya. Masharti yaliyo wazi kuhusu ukubwa wa mbwa, usafi na chanjo yangefaa kuliko marufuku ya jumla, ambayo huwalazimu wapangaji kuchagua kati ya paa na mnyama wao.

Lakini hata kaunti zikitekeleza yote hayo, uamuzi wa mwisho utasalia katika nyumba moja moja. Hakuna gavana atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kumfungulia mbwa mlango, wala bunge litakaloketi naye radi inapopiga.

Nje ya lango fulani, jioni ya leo, yuko mbwa anayesikiliza kila gari linalopita akidhani ni la wenyewe. Hawatarudi. Kitakachoamua kama ataishi ni iwapo familia nyingine, iliyoketi ikashauriana na kupiga hesabu yake vyema, itamfungulia lango na kutolifunga tena nyuma yake.